Mambo ya Jikoni: Nyama ya Nguruwe kwa Rojo ya Malai



Mwezi huu tumepokea barua ndefu kutoka Pasiansi, kando ya njia iendayo kiwanja cha ndege cha Mwanza. Aliyeiandika ni mke wa mwalimu, na jina lake twaliacha kama alivyotuomba. Barua yake ina maswali matatu. La kwanza ni la jikoni: atapikaje vipande vya nyama ya nguruwe katika kikaango, pamoja na rojo nyeupe ya malai, hata viwe laini wala visiwe kama ngozi ya kiatu? La pili ni zito. Nyumbani kwake yumo mtoto wa dada yake, mwenye umri wa miaka tisa, ashikwaye na kifafa. Mavyaa wake, yaani mama wa mumewe, asema kwamba nyama ile ndiyo iliyomletea mtoto maradhi, na tangu siku hiyo mtoto hula peke yake, kwa bakuli lake, nje ya mlango. La tatu ni habari ya jirani yake, Mwislamu, ambaye wamesaidiana naye miaka mingi: je, amwalike karamuni au asimwalike?

Tumeona vema kuyajibu yote matatu pamoja, maana nyumba nyingi zina maswali kama haya, ila si wote wenye moyo wa kuyaandika.

Na tuanze na nyama yenyewe. Katika nchi ya Wasukuma, watu wa zamani walikuwa wachungaji wa ng'ombe, na wale wakaao ufuoni walikula samaki wa ziwa. Nguruwe wa kufugwa ni mgeni kwao. Lakini leo nyama yake, ambayo vijana wa mjini huiita kitimoto, hupatikana kila mahali, nayo huliwa sana pamoja na ndizi za kuchoma na kachumbari. Kwa kawaida hukatwa vipande vidogo na kukaangwa katika karai. Aitakayo dada yetu wa Pasiansi ni namna nyingine: nyama ya mgongo, iliyokatwa vipande vipana, kila kipande na mfupa wake wa ubavu na ukanda wa mafuta pembeni. Mwambieni muuzaji akate kwa unene wa vidole viwili, wala msikubali vipande vyembamba kama karatasi, kwa kuwa hivyo hukauka kabla havijabadilika rangi. Vipande vinne vyatosha watu wanne, na pengine vitakaribia uzito wa kilo moja.

Nunueni nyama iliyokaguliwa na mkaguzi wa mifugo na kupigwa mhuri. Twajua ya kuwa nguruwe wengi huchinjwa nyuma ya nyumba, bila mkaguzi kuitwa, na nyama yao huuzwa kwa bei nafuu. Unafuu huo una gharama yake, kama tutakavyoonyesha mbele. Mkiona ndani ya nyama vijifuko vyeupe vya maji, mfano wa punje ya mchele au ya njegere, msiinunue hata kwa senti moja. Wala msidhani kwamba nyama isiyo na vijifuko machoni ni safi kabisa, maana vikiwa vichache hujificha. Kwa hiyo ulinzi wa pili ni moto.

Haya ndiyo mahitaji: vipande vinne vya nyama, chumvi, pilipili manga iliyosagwa, kitunguu kimoja kikubwa, punje mbili za kitunguu saumu, kijiko kimoja cha unga wa ngano, nusu kikombe cha maji au supu, kikombe kimoja cha malai, na ndimu moja. Mwenye haradali na atie kijiko kidogo. Asiyekuwa nayo asihuzunike, chakula hakitaharibika.

Habari ya malai inataka maneno machache. Si lazima kuyanunua dukani katika kopo. Chukueni maziwa safi lita tatu, myachemshe barabara, maana maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu na ile homa inayotupisha mimba za ng'ombe. Kisha myamimine katika chombo kipana, myafunike kwa kitambaa safi, na kuyaacha mahali pa baridi usiku kucha. Asubuhi mtaona utando mnene juu yake. Uengueni kwa kijiko kipana. Hayo ndiyo malai. Ng'ombe wetu wa kienyeji hutoa maziwa kidogo, lakini yana mafuta mengi, hivyo lita tatu huweza kuwapa kikombe kimoja au pungufu kidogo. Maziwa yaliyobaki chini wapeni watoto kwa uji.

Sasa kupika. Saa moja kabla ya kuanza, pakeni nyama chumvi pande zote, mkaifunike na kuiweka mahali pa baridi pasipofika nzi. Chumvi hupenya polepole, ikaifanya nyama ishike maji yake. Kisha ipanguseni ikauke kabisa, kwa sababu nyama yenye maji haikaangiki bali huchemka. Ukanda wa mafuta ukateni kidogo kwa kisu mahali pawili au patatu. Msipofanya hivyo, joto litaukaza, na kipande kitajikunja kama jani kavu.

Wekeni kikaango kizito cha chuma juu ya mkaa uliokwisha kushika vizuri. Kwanza visimamisheni vipande kwa upande wa mafuta, hata mafuta yenyewe yayeyuke na kutanda chini. Hivyo hamna haja ya kununua mafuta mengine mengi. Kisha vilazeni. Acheni upande wa kwanza dakika nne pasipo kuugusagusa, mgeuze, na upande wa pili dakika nne. Nyama itafanya rangi ya kahawia na harufu yake itaingia nyumba nzima. Hapo iondoeni mkaiweke katika sahani safi, isiwe ile sahani iliyochukua nyama mbichi.

Hapa ndipo wengi wakosapo, na sisi wenyewe tulikosa. Siku moja tulikuwa na wageni, na kwa kutaka kuwapendeza tulizidisha mkaa, tukapuliza moto mpaka kikaango kikatoa moshi. Nje nyama ikawa nyeusi, nasi tukaipeleka mezani kwa furaha. Mama mmoja mzee akakata kipande chake, akaona damu kando ya mfupa, akaweka kisu chini bila kusema neno, kisha akavuta taratibu sahani za wajukuu wake waliokaa karibu naye. Tuliona haya sana. Lakini leo twamshukuru, kwa kuwa alitufundisha kwa mkono wake jambo ambalo tungelisoma vitabuni bila kulishika.

Basi, mkiisha kuiondoa nyama, punguzeni mkaa. Mwageni mafuta yaliyozidi, mbakishe kama vijiko viwili. Tieni kitunguu kilichokatwa vyembamba, mkikoroge hata kilegee, kisha kitunguu saumu kilichopondwa, kisha unga. Korogeni unga dakika moja ili uache ubichi. Mimineni maji au supu kidogo kidogo, huku mkikwangua chini ya kikaango kwa mwiko wa mti. Ule ukoko wa kahawia ulioganda pale si uchafu wa kuoshwa. Ndio utamu wa rojo. Ikiisha kuwa nzito, tieni malai, haradali na pilipili manga.

Rudisheni nyama ndani ya rojo pamoja na maji yake yote yaliyotoka sahanini. Funikeni, mkaache itokote polepole kwa dakika kumi, au zaidi ikiwa vipande ni vinene. Rojo icheke tu, isifurike. Malai yakichemshwa kwa nguvu hutengana, mafuta upande huu na maji upande huu. Unga tuliotia husaidia kuyashikamanisha, lakini hauwezi kushinda moto mkali. Kwa sababu iyo hiyo ndimu hutiwa mwisho, kikaango kikiisha kuteremshwa, maana uchungu wa ndimu hugandisha maziwa yaliyo motoni.

Asiye na malai afanyeje? Na atumie kikombe cha maziwa yaliyochemshwa, akizidisha unga kijiko kimoja. Au atumie mtindi mzito, lakini autie baada ya kuteremsha kikaango, akikoroga taratibu.

Mtajuaje kwamba nyama imeiva? Kateni kipande kinene kuliko vyote, karibu kabisa na mfupa. Maji yatokayo yawe meupe, na nyama isiwe na wekundu hata kidogo. Pengine mtaona katika vitabu vya kigeni picha za nyama hii ikiwa bado na rangi ya waridi ndani. Ni kweli kwamba huko Marekani, mwaka 2011, wakuu wa ukaguzi wa vyakula waliruhusu vipande vya namna hii viondolewe motoni vikifika nyuzijoto 63 katikati, kisha vikae dakika tatu. Lakini nguruwe wa huko wengi hufugwa ndani ya majengo yaliyofungwa, na nyama yao hukaguliwa. Shirika la Afya Duniani huwashauri wapishi wote wafikishe chakula nyuzi 70. Sisi tusio na kipimo jikoni, na tusiojua kila nguruwe alikokula, tuifuate shauri hiyo kwa kuipika mpaka iive kabisa. Rojo ndiyo itakayoilinda isikauke, na ndiyo sababu tunaipenda namna hii kuliko kuikaanga kavu.

Pakueni kwa ugali, au viazi vitamu vya kuchemsha, au ndizi. Hata michembe iliyopikwa vizuri hupendeza kwa rojo hii. Wekeni na mchicha pembeni, uliooshwa kwa maji safi zaidi ya mara moja. Neno hili la kuosha mboga msilipite upesi, maana latupeleka kwenye swali la pili.

Mama wa Pasiansi, twaomba umsomee mavyaa wako sehemu hii kwa heshima na kwa upole, kwani hofu yake haikutoka hewani. Kweli yako maradhi yanayomhusu nguruwe na yanayoleta kifafa. Ila njia yake sio ile anayoidhani.

Yuko mnyoo mrefu aitwaye tegu, akaaye tumboni mwa mtu, na urefu wake huweza kupita mita mbili. Mayai yake hutoka pamoja na choo kikubwa. Penye nyumba zisizo na vyoo, nguruwe wazururao hula kinyesi hicho, na mayai huanguliwa ndani yao na kuwa vile vijifuko vyeupe vya nyamani. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, kijifuko hugeuka kuwa tegu tumboni mwake. Hapo mzunguko umetimia. Tegu huyo mara nyingi hamsumbui sana mwenyewe, hata asijue kuwa anaye.

Hatari kubwa iko katika mayai. Mwenye tegu akitoka chooni bila kunawa, akashika chakula, au mayai yakafika kwenye mboga au maji ya kunywa, mtu mwingine huyameza bila kujua. Ndani ya mwili wake mayai hufanya kama yafanyavyo ndani ya nguruwe: huwa vijifuko, na vingine huingia ubongoni. Hivyo ndivyo viletavyo kifafa. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba katika nchi nyingi zenye maradhi haya, karibu 30 katika kila wagonjwa 100 wa kifafa waliugua kwa njia hiyo. Kumbe, basi, hata mtu asiyeonja nyama ya nguruwe maisha yake yote aweza kupatwa, ikiwa anaishi na mwenye tegu asiyenawa mikono.

Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba sahani ya nyama ndiyo iliyomwangusha mtoto. Wala hatusemi kwamba kifafa chake kimetokana na tegu, maana kifafa kina sababu nyingi: homa kali ya malaria, taabu wakati wa kuzaliwa, jeraha la kichwa, na nyinginezo. Ajuaye ni daktari. Nanyi wa Pasiansi hamko mbali: Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko mjini Mwanza juu ya kilima chake. Mpelekeni mtoto kwanza katika kituo cha afya kilicho karibu, naye mganga atawaelekeza. Msimpe dawa za minyoo kwa shauri la dukani. Iwapo vimo vijifuko ubongoni, dawa hizo zisipoangaliwa na daktari huweza kumzidishia ugonjwa. Lakini mjue kwamba dawa za kifafa zipo, na kwamba hata wagonjwa 70 katika 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Kuna jambo moja lisilongoja daktari. Mrudisheni mtoto mezani leo hii. Kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa povu, wala kwa bakuli, wala kwa kumshika anapoanguka. Mtoto wa miaka tisa alaye peke yake nje ya mlango ana maradhi mawili, na lile la pili ninyi ndio mliompa. Twalisema hili bila kuwahukumu, maana tumeliona katika nyumba nyingi za watu wema.

Liko tu kosa la kuepuka jikoni: asiachwe peke yake karibu na moto au na sufuria ya maji ya moto. Watoto wengi wenye kifafa wana makovu ya mafiga. Akianguka, mwondoleeni vitu vigumu vilivyo karibu, mlazeni kwa ubavu, mlegezeeni nguo shingoni, wala msimtie kijiko wala kitu chochote kinywani. Ikipita dakika tano hajatulia, mkimbizeni hospitali.

Na mwenye nyumba, Mwalimu, naye ana kazi yake. Choo chenye mlango, maji na sabuni kando yake, na banda la nguruwe lenye sakafu na ukuta ili wanyama wasizurure: mambo haya matatu hukata mzunguko wa tegu kuliko maneno yote. Banda lawafaa wafugaji kwa sababu nyingine pia. Iko homa ya nguruwe, iliyoandikwa habari zake kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921. Haimdhuru mtu hata kidogo, lakini huangamiza kundi zima kwa siku chache, wala haina dawa. Hupitia hata katika mabaki ya nyama. Kwa hiyo mifupa ya karamu yenu ifukieni, msiwatupie nguruwe.

Limebaki swali la jirani. Jibu letu ni fupi: mwalike. Lakini mwalike kwa uwazi. Mwambie mapema, "Jirani, siku hiyo tutapika nguruwe, nasi tutakupikia chakula chako." Sufuria yake iwe mpya au uiazime kwake mwenyewe, pamoja na mwiko na kisu. Sato au sangara kutoka mwalo wa Kirumba apikwe kwenye jiko jingine, wala mafuta yaliyokaanga nyama yasiguse chakula chake. Ukitaka kuku, mpe amchinje yeye au mtu wake. Akipenda kuleta chakula kutoka kwake, usiudhike. Na ikiwa hatakuja siku hiyo, mpelekee salamu, umwite siku nyingine isiyo na nguruwe.

Wako na Wakristo, kama ndugu zetu Waadventista, ambao nao hawali nyama hii. Heshima ni ile ile. Mtume Paulo aliwaeleza Warumi neno hili katika mlango wa 14 wa waraka wake. Someni wenyewe nyumbani jioni. Tusione kuwa ni jambo dogo. Mwezi wa Februari mwaka 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ng'ambo ya ghuba kutoka Mwanza, ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kuchinja ulimwaga damu, na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wakisalimiana sokoni waliinuliana mapanga kwa ajili ya kisu na nyama. Sufuria ya pili haigharimu kitu ukiilinganisha na hayo.

Basi, mama wa Pasiansi, twakutakia karamu njema. Pika polepole, nawa mikono na uwanawishe wote, mketishe mtoto kati ya wenzake, na sufuria ya jirani iwe karibu. Ukipata nafasi, utuandikie tena utuambie daktari alisema nini, maana tutakaa tukingoja barua yako kuliko habari za rojo.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya kukausha dagaa bila mchanga.

Wasalaam.